Keki bila ngano isikuhadae

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwokea mgeni keki kwa moyo mweupe, halafu ukajuta? Mimi nimewahi. Shangazi yangu ana ugonjwa wa kisukari, naye bintiye ana siliaki, ule ugonjwa ambao mwili haustahimili glutini, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Walipotutembelea Jumapili moja, niliwaokea keki ya unga wa muhogo, ndizi mbivu na asali. Ngano haikuwemo hata chembe.

Binti alikula akashiba, na tumbo lake likatulia. Shangazi alikula vipande viwili. Jioni alipojipima damu, sukari ilikuwa imepanda kiasi cha kututia sote hofu.

“Mwanangu, si uliniambia hii ni keki ya wagonjwa?” aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Kosa hilo hufanywa na wengi. Chakula kukosa glutini ni jambo moja, kuwa na wanga kidogo ni jambo jingine kabisa. Muhogo, mchele, mahindi na wimbi havina glutini, lakini vimejaa wanga, nao wanga ukisagika tumboni hugeuka kuwa sukari. Gramu 100 za unga wa muhogo huwa na wanga wa gramu 80 hivi, kuushinda hata unga wa ngano! Asali nayo, hata ikitoka mzingani Ukambani, ni sukari tu.

Basi unga utoke wapi? Unga wa lozi upo madukani, ila bei yake itakufanya urudi nyumbani kwa miguu. Njugu karanga zapatikana katika kila soko, na gramu 100 zina wanga wa gramu 16 hivi. Chagua zisizo na kuvu, zikaange kidogo, pepeta maganda, kisha uzitwange nyumbani. Ukitumia mashine, saga kidogo kidogo, la sivyo zitatoa mafuta na kuwa siagi ya kupaka mkate. Kwa mwenye siliaki, usizipeleke kwenye kisagio cha mtaani. Huenda ngano ilisagwa papo hapo asubuhi.

Kuhusu matunda, weka ndizi kando na uchukue mapera. Pera lina wanga pungufu kuliko ndizi, na zaidi ya thuluthi yake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Chukua matatu yaliyoiva, utoe mbegu, uyakate vipande vyembamba.

Tenganisha mayai manne. Piga ute mweupe mpaka povu lisimame lenyewe, kwani ndilo litakaloinua keki. Viini vichanganye na vikombe viwili vya njugu zilizosagwa, vijiko viwili vikubwa vya siagi iliyoyeyushwa, mdalasini, chumvi kidogo na ganda la ndimu lililoparuzwa. Ingiza povu taratibu. Paka chombo siagi na ukinyunyizie njugu, si unga wa ngano kama tulivyozoea! Panga mapera juu, uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40.

Huna oveni? Tandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto, weka chombo juu yake, funika na utie makaa juu ya kifuniko. Chungulia mapema, maana njugu huungua upesi.

Nataka kukuonya pia kwamba anayetumia insulini asipunguze wanga ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yaweza kushuka mno. Na pera si dawa.

Shangazi alikuja tena mwezi uliopita. Alikula kipande kimoja na maziwa lala, akajipima baada ya saa mbili, akanionyesha kipimo bila kusema neno. Kisha akaomba kipande kingine afungiwe cha kesho.