Kuendelea na Kuendelezwa: Maelezo Juu ya Haki ya Maendeleo

Nomino «maendeleo» imezaliwa na kitenzi «kuendelea», nacho kimetokana na «kwenda». Aendeleaye ni yeye mwenyewe ashikaye njia. Hakuna awezaye kuendelea kwa niaba ya mwenzake. Lakini Kiswahili kina pia «kuendeleza», na humo mtenda ni mmoja na mtendwa ni mwingine: serikali huendeleza kijiji, shirika huendeleza kilimo, na wanakijiji hubaki upande wa kuendelezwa. Julius Nyerere aliishika tofauti hiyo mwaka 1968 katika waraka wake «Uhuru na Maendeleo», alipofundisha kwamba watu hawawezi kuendelezwa, ila hujiendeleza wenyewe. Ubishi wa wanasheria juu ya haki ya maendeleo, ukivuliwa mapambo yake, unazunguka penye vitenzi hivyo viwili.

Haki hiyo ina asili ya Kiafrika, jambo ambalo mara nyingi hutajwa kwa haraka mno. Mwaka 1972 Kéba Mbaye, aliyekuwa mkuu wa Mahakama Kuu ya Senegal, alitoa mhadhara mjini Strasbourg akieleza maendeleo kuwa haki ya binadamu. Mwaka 1977 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliagiza jambo hilo lichunguzwe. Mwishoni mwa 1979 wataalamu walikutana Dakar, Mbaye akiwa mwenyekiti wao, wakaandaa rasimu ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wakuu wa nchi waliupitisha Mkataba huo mjini Nairobi mwezi Juni 1981, ukaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliuridhia mwaka 1987. Kifungu chake cha 22 kinawapa watu wote haki ya maendeleo ya kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, na kinaziwajibisha nchi, moja moja au kwa pamoja, kuhakikisha kwamba haki hiyo inatumika.

Umoja wa Mataifa ulifuata wiki chache baadaye. Tarehe 4 Desemba 1986 Baraza Kuu lilipitisha Azimio la Haki ya Maendeleo kwa kura 146. Marekani peke yake ilipinga, na nchi 8 hazikuchagua upande, zikiwemo Uingereza, Japani na Ujerumani ya Magharibi. Azimio hilo, ambalo halina nguvu ya mkataba, linamweka mtu katikati ya maendeleo: ashiriki, achangie, kisha afaidi.

Hoja ya wapinzani haikuwa ya kudharauliwa. Penye haki pana mdaiwa. Je, hapa mdaiwa ni nani, naye anadaiwa nini? Nchi tajiri zilichelea misaada isije ikageuka deni. Upande wa pili palikuwa na hatari ambayo watetezi wa Azimio hawakupenda sana kuitaja: serikali inayowanyima raia sauti ingeweza kusema kwamba inatafuta maendeleo kwanza, na kwamba uhuru utafuata. Mlango huo ulifungwa, angalau kwa maandishi, katika mkutano wa Vienna wa mwaka 1993, uliotamka kwamba ukosefu wa maendeleo hauwezi kuwa kisingizio cha kuzipunguza haki nyingine za binadamu.

Hapa Kiswahili chenyewe kinaleta tatizo lake. Asomaye jina «Haki za Binadamu na Watu» kwa mara ya kwanza atauliza: kwani binadamu si watu? Kifaransa kina neno «peuple», pamoja na wingi wake, kwa maana ya jumuiya nzima iliyo moja. Kiswahili hakina neno lililokaa sawasawa mahali hapo. «Taifa» karibu kila mara ni nchi yenye serikali yake, «kabila» linabana mno, na «umma» ni neno ambalo wingi wake hausikiki. Hata hivyo, lawama si ya watafsiri peke yao, kwa maana Mkataba wenyewe haukueleza watu hao ni akina nani. Ikiwa ni wakazi wote wa nchi kwa jumla, basi serikali itasema kwa niaba yao, na kesi imekwisha kabla haijaanza.

Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana katika shauri la Waendorois wa Kenya. Wafugaji hao wa kandokando ya Ziwa Bogoria walianza kuondolewa katika ardhi yao mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipoteza malisho, chumvi ya mifugo, miti ya dawa na mahali pao pa ibada. Serikali ilijibu, miongoni mwa mengine, kwamba jamii hiyo ilikuwa na wawakilishi wa kuchaguliwa katika mabaraza ya wilaya. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi wa mwaka 2009 uliotangazwa 2010, ilikubali kwamba Waendorois ni «watu» kwa maana ya Mkataba. Ilieleza kwamba haki ya maendeleo ni njia na tena ni tokeo; kuvunja upande mmoja kunatosha kuivunja haki yenyewe. Waendorois hawakushauriwa ipasavyo wala ridhaa yao haikupatikana, na faida ya hifadhi haikuwafikia. Tume ilipendekeza warudishiwe ardhi na kulipwa fidia, lakini utekelezaji umekwenda polepole sana. Kwa lugha ya sarufi, Tume ilikataa kwamba kuendelezwa ni kuendelea.

Kongo nayo ilikwisha kufika mbele ya Tume hiyohiyo. Mwaka 1999 ilizishtaki Burundi, Rwanda na Uganda kwa kuivamia, na miongoni mwa malalamiko palikuwa na kuzingirwa kwa bwawa la umeme la Inga mwaka 1998. Uamuzi wa 2003 ulisema kwamba kupora mali ya asili ya nchi kulivunja kifungu cha 21, na kwamba watu walionyimwa utajiri wao wamenyimwa pia haki ya maendeleo ya kifungu cha 22. Fidia ilipendekezwa ilipwe kwa Dola ya Kongo kwa ajili ya waathirika. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye, ikifuata sheria nyingine, iliiamuru Uganda mwaka 2022 iilipe Kongo dola milioni 325, ambazo milioni 60 kati yake ni za mali ya asili. Katika mashauri yote mawili aliyedai ni Dola, na mwenye kupokea ni Dola.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 58, inasema kwamba Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba Dola ina wajibu wa kuugawa kwa usawa na kuihakikisha haki ya maendeleo. Mdaiwa, basi, ametajwa. Ambalo kifungu hicho hakisemi ni kwa njia gani kijiji kimoja kilicho penye machimbo kitalidai deni lake.