Mizinga ya Fort Jesus na Ile Stori ya "Risasi Iliyopotea"

Wacha nikuulize kitu. Ukienda Fort Jesus, unafanya nini na ile mizinga? Kama wewe ni kama wasee wengi, unaiegemea, unapigwa picha mbili tatu, zinaenda status, halafu mnashuka Mama Ngina kula mihogo na madafu. Hakuna noma. Lakini ile mizinga ina somo ambalo muvi hazikufunzi: mbona chuma kimoja kinafika kilipolengwa, na kingine kinaenda kwa jirani.

Na usidhani ni mambo ya makumbusho tu. Kila ukisikia kwa habari eti mtu "amepigwa na risasi iliyopotea", ni somo hilo hilo. Tulia tulielewe.

Mtutu laini, tufe la kubahatisha

Mreno alijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na wakaiteka Desemba 1698. Manze, karibu miaka mitatu! Enzi hizo ndani ya mtutu kulikuwa laini kama bomba la maji, na tufe lilikuwa dogo kidogo kuliko tundu. Ilibidi, kwa sababu lilisukumwa kutoka mdomoni, na baruti ilikuwa inaacha masizi ndani. Tufe likikaza sana, halishuki.

Shida ni hiyo nafasi iliyobaki. Ukifyatua, tufe linagongagonga kuta za mtutu, na pigo la mwisho kabla ya kutoka ndilo linaamua linaelekea wapi. Chukua Brown Bess, bunduki ya jeshi la Uingereza ya karne ya 18: tundu lake ni kama milimita 19, tufe kama 17.5. Hata uwe na jicho la mwewe, hapo unaomba Mungu tu.

Dawa ni kuzungusha

Unakumbuka pia uliyochezea ukiwa mdogo? Ikizunguka kwa kasi inasimama wima, ikichoka inayumba na kuanguka. Risasi ni vivyo hivyo. Mafundi wakachonga mitaro inayojipinda ndani ya mtutu, risasi ikaanza kutoka ikizunguka na ikawa inashika njia yake.

Lakini ili mitaro ifanye kazi, risasi lazima ikaze, na hiyo ilikuwa inachukua muda kuipakia. Miaka ya 1840 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaja na risasi yenye shimo kitakoni. Inashuka kirahisi, lakini baruti ikilipuka, kitako kinatanuka na kubana mitaro. Kuanzia hapo vita vilibadilika kabisa.

Kila risasi na mtutu wake

Sasa ingia hapa vizuri. Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko fupi, la sivyo inayumba hewani. Mfano ni M16 ya Marekani. Ile ya kwanza ilitumia risasi ya gramu 3.6, na mitaro ilikuwa inazunguka mara moja kila inchi 12. Walipoleta risasi ndefu zaidi ya gramu 4, ikabidi mitaro izunguke mara moja kila inchi 7. Tundu ni lile lile, lakini risasi mpya ilitaka mtutu mwingine.

Ndiyo maana huko Marekani kuna wapiga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe. Wanapima baruti ya kila moja kwa mizani, wanachagua vichwa vya uzito mmoja, na wanavikalisha kwenye ganda kwa kina kile kile. Siri yao ni usawa. Baruti ikizidi kidogo leo na kupungua kidogo kesho, kasi inabadilika, na risasi zinatua juu na chini ya shabaha. Na kabla upate mawazo, buda: Kenya hiyo usijaribu. Sheria ya Silaha inataka cheti kwa bunduki na kwa risasi, na kuzitengeneza bila kibali ni jela.

Jibu liko kwa lango

Ushahidi unao pale pale Fort Jesus, kwenye mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani, Königsberg, tundu sentimita 10.5. Mwingine ni wa meli ya Kiingereza, Pegasus, tundu sentimita 10.2 hivi. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kombora la Mjerumani lilikuwa na kilo 17 hivi, la Muingereza kilo 11 hivi. Zito la umbo zuri halipunguzwi kasi haraka na hewa. Septemba 20, 1914, Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar ikirekebishwa injini, Königsberg ikaishambulia kutoka mbali. Makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka majini kabla ya kufika. Siku hiyo hiyo ikazama.

Sasa hiyo "iliyopotea"

Risasi ya G3, ile bunduki umeona kwa polisi wetu, inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Kutoka Fort Jesus hadi Kivuko cha Likoni ni kama kilomita 2 na nusu. Kwa hivyo mtu akifyatua "hewani kutawanya watu" pale Old Town, ile kitu lazima itue mahali, na kisiwa hiki kimejaa watu.

Machi 30, 2020, usiku wa kafyu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya kwao. Polisi wakasema ni risasi iliyopotea. Baadaye afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji.

Na hapa ndipo ile mitaro inarudi. Inapozungusha risasi, inaichora mikwaruzo. Mtaalamu akiiweka chini ya darubini kando ya nyingine iliyofyatuliwa na bunduki inayoshukiwa, anaweza kusema kama zimetoka mtutu mmoja. Kitu kile kile kinachoipa shabaha kinaipa na alama. Kwa hivyo risasi ikiokotwa mtaani kwenu, usiichezee wala kuiweka mfukoni kama ukumbusho. Iache pale, piga picha, ita watu washuhudie inapochukuliwa na wachunguzi. Ikipotea hiyo, ndipo kesi inapopotea kweli.