Laptopu Ikiamka, Nani Anawasha Wi-Fi?

Umefunika laptopu, ukaitia kwenye begi, ukapanda daladala. Unafika, unaifunua: hati zako ziko palepale ulipoziacha, lakini Wi-Fi haipo. Mimi yalinikuta dakika 10 kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti kwa njia ya mtandao. Nikabonyeza alama ya Wi-Fi kwenye skrini wee, wapi! Kumbe daftari lilikuwa limesukuma swichi ndogo ya ubavuni, humohumo ndani ya begi.

Laptopu ikilala, prosesa husimama na vifaa vingi hukatiwa umeme. RAM huendelea kupata umeme kidogo ili isisahau. Redio za Wi-Fi na Bluetooth mara nyingi huzimwa pia, na zikiamka hazijui kama zilitakiwa kuwa wazi au zimefungwa. Lazima zikumbushwe.

Kwenye Linux, kazi hiyo inafanywa na sehemu ya kerneli iitwayo rfkill. Yenyewe inatambua vizuizi viwili. Cha kwanza ni cha programu: ule wakati unapogusa alama ya ndege kwenye skrini. Cha pili ni cha swichi ya kusukuma kwa kidole, na hicho programu haiwezi kukiondoa.

Sasa ona tofauti. Kizuizi cha programu hakibadiliki laptopu ikiwa imelala, maana hakuna programu inayofanya kazi. Kwa hiyo ikiamka, rfkill huiambia draiva irudishe hali ileile ya mwanzo. Swichi je? Hiyo inaweza kusogezwa muda wowote, laptopu iwe macho au imelala. Hapo kumbukumbu haiaminiki. Draiva inatakiwa kuisoma upya.

Hili si jambo dogo. Abiria aliyezima redio ndani ya ndege kisha akafunika laptopu hategemei ziwake zenyewe akiifunua.

Siku yakikukuta, fungua teminali uandike `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", andika `rfkill unblock wifi`. Ukiona "Hard blocked: yes", achana na skrini, tafuta swichi. Ikiwa swichi iko wazi na jibu ni lilelile, huenda draiva haijaisoma tena. Zima kabisa, uwashe upya.

Mimi niliisukuma yangu kwa ukucha. Nikaingia kikaoni nimechelewa dakika 3, jasho linanitoka.