Tumbawe la Malindi na Udongo wa Ukambani

Wanaofuga matumbawe katika matangi ya kioo majumbani wanajua kwamba ulaji wenyewe huanza taa zikizimwa. Polipu, vijinyama wanaolijenga tumbawe, ambao mchana kutwa walikuwa wamejikunyata ndani ya vikombe vyao vya chokaa, hutandaza minyiri gizani. Mfugaji akidondosha majini vitoto vya artemia, yule uduvi wa maji ya chumvi ambaye akianguliwa huwa na kama nusu milimita tu, utamwona mmoja akiogelea kwa kushtukashtuka, akigusa mnyiri, kisha akikwama papo hapo. Hakunaswa na ute peke yake. Ngozi ya mnyiri imejaa seli zenye vishale vilivyokunjwa ndani yake, na kishale kikiguswa hufyatuka na kudunga sumu. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walipima kufyatuka huko kwa haidra, jamaa wa matumbawe aishiye katika maji yasiyo na chumvi, wakakuta hakuchukui hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mnyiri hujikunja, windo likaingia mdomoni, na makombo yake baadaye hutokea mdomo huohuo, maana polipu hana tundu jingine.

Mkulima wa mji wa Wote, Makueni, anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini, ilhali bahari iko mamia ya kilomita kutoka shambani kwake. Inamhusu kwa sababu tumbawe lina njia mbili za kupata riziki, mwanga na uwindaji, na udongo unaotoka Makueni na Kitui huziingilia zote mbili. Dai langu ni kwamba uwindaji hulisaidia tumbawe kustahimili maji machafu, ila msaada huo una mpaka, na mpaka wenyewe hautegemei tumbawe peke yake. Unategemea pia kinachofanyika bara.

Wapo watakaosema kwamba neno uwindaji limetiwa chumvi, kwa kuwa tumbawe hulishwa na mwani unaoishi ndani ya mwili wake. Ubishi huu ni wa zamani. Msafara wa Waingereza uliokwenda Great Barrier Reef, Australia, mwaka 1928 na 1929, ukiongozwa na Maurice Yonge, uliyatangaza matumbawe kuwa wala nyama. Baadaye ikathibitika kwamba mwani humkabidhi mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula unachotengeneza kwa mwanga wa jua, na maoni yakaegemea upande wa pili. Kwa maoni yangu kila upande ulishika nusu ya ukweli. Kinachotoka kwa mwani zaidi ni nishati, sukari na mafuta. Kina upungufu wa nitrojeni na fosforasi, ambazo mwili hauwezi kujijenga bila hizo. Ni sawa na muthokoi usio na maharagwe: tumbo linajaa, mwili haukui. Pengo hilo huzibwa na kopepodi, mabuu ya kaa na vijidudu vingine vinavyopanda juu usiku. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba tumbawe lenye afya hupata kati ya asilimia 15 na 35 ya mahitaji yake ya kila siku kwa kula viumbe wengine. Huko Hawaii, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba Montipora capitata, baada ya kupauka na kupoteza mwani wake, iliongeza uwindaji hadi ikajitosheleza kwa nishati yote. Aina mbili za Porites zilizochunguzwa pamoja nayo hazikuongeza. Jambo hilo la mwisho lishikwe, tutalihitaji.

Udongo nao hubebwa na Mto Athi. Mto huo hupita mpakani mwa Makueni na Kitui, hukutana na Tsavo, ukaitwa Galana na kisha Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Si maji yote ya Kitui yanayoufuata, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaunti hiyo humwaga upande wa Tiva na Tana. Lakini mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la kilimo cha Ukambani, huanza kupiga wakati mashamba yako wazi, na mafuriko yake hufika baharini pepo za kaskazi zimeshaanza. Kusi huusukuma uchafu wa mto kuelekea kaskazini, mbali na Malindi. Kaskazi huuleta kusini, moja kwa moja juu ya matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Historia ya uchafu huo imeandikwa ndani ya tumbawe moja la Porites la hapo Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi. Bariamu hufika baharini pamoja na udongo wa mto na kuingia katika chokaa, tabaka kwa tabaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulisoma tabaka hizo na kuona kwamba kati ya mwaka 1700 na 1900 udongo haukubadilika sana, kisha ukaanza kupanda, na kati ya 1974 na 1980 ukafikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja ongezeko la watu, ukataji miti, matumizi holela ya ardhi na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hapa hutokea pingamizi lenye nguvu kuliko lile la kwanza. Ikiwa tumbawe linawinda, si litakula hata maji yakiwa tope? Na hakika, wakilinganisha Malindi na Watamu ya jirani, watafiti Tim McClanahan na David Obura waliandika mwaka 1997 kwamba tope halikuwa limeangamiza utajiri wa aina za matumbawe ya Malindi. Walichokiona ni kwamba jamii ya matumbawe imeegemea aina zinazovumilia udongo. Ushahidi huo naukubali, lakini sioni kwamba unamtoa mtu wasiwasi. Kuvumilia kwa jamii si kupona kwa kila aina: walioweza kubaki ndio tunaowahesabu. Tena, udongo haufungi mwanga tu. Chembe zake hutua juu ya polipu, naye hulazimika kutoa ute mwingi kuzisukuma, na ute huo ni chakula kinachotoka mwilini mwake. Polipu aliyefunikwa hawezi kutandaza minyiri. Ukiongeza joto, kama lile la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi ya Kenya, tumbawe hupoteza mwani na kubaki na uwindaji pekee. Hapo ndipo tofauti ya Hawaii inapouma, kwani kuna aina ambazo haziongezi ulaji hata zikiwa na njaa.

Je, lawama ni ya Mkamba? La, si yake peke yake. Athi huanzia juu huko, upande wa Nairobi, na haufiki Makueni ukiwa safi. Isitoshe, Ukambani ndiko kwenye mfano unaojulikana sana wa kinyume chake. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha jinsi Machakos ya wakati ule, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ilivyopunguza mmomonyoko huku watu wakiongezeka, hasa kwa matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Mabwawa ya mchanga ya Kitui nayo yanasifiwa, na kwa maji ya kunywa yanastahili sifa. Kwa tumbawe, hata hivyo, yasitegemewe sana. Ukuta wa bwawa hukamata mchanga mzito. Chembe laini za mfinyanzi huruka juu yake na mafuriko, na hizo ndizo zinazoelea mpaka baharini na kuzuia mwanga. Chembe laini hukamatwa shambani, kwenye tuta lenye nyasi, kabla hazijaingia korongoni. Bwawa la Thwake, linalojengwa Makueni panapokutana mito ya Thwake na Athi na kukusudiwa kubeba mita za ujazo milioni 688, litatuliza maji kiasi cha kushusha hata tope jembamba. Lakini kila chembe itakayobaki humo itachukua nafasi ya maji, kwa hiyo tuta la fanya juu katika shamba la Wote litakuwa linawalinda wanywaji wa Makueni kwanza, na polipu wa Malindi baadaye.