Seli ya Figo Inayojidhania Haina Hewa

Mji wa Goma, na mtaa wa Murara ndani yake, umekaa juu ya mawe ya volkeno mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa ajili hiyo kila pumzi anayoivuta mkaazi wake ina oksijeni pungufu kwa takribani sehemu moja katika sita kuliko pumzi ya mtu wa Mombasa au Unguja. Mwenyeji hauhisi upungufu huo, kwani mwili wake umekwisha kuuzoea tangu utotoni. Na kiungo kinachoshika usukani wa mazoea hayo si pafu wala moyo, kama wengi wanavyodhani, bali ni figo. Figo ndilo linalopima kadiri ya oksijeni iliyomo damuni, na likiona imepungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamrisha uboho wa mifupa uzidishe chembe nyekundu za damu. Nayatanguliza haya kwa kuwa saratani ya figo, iwapo twataka kuijua kwa undani, haifahamiki asilani pasipo kuifahamu kwanza kazi hii ya kupima hewa.

Upimaji wenyewe hufanyika hivi. Ndani ya seli huundwa daima protini ambayo wataalamu huiita HIF, na maadamu oksijeni inatosha, vimeng'enya maalumu huitumia oksijeni hiyo pamoja na madini ya chuma kuitia protini ile alama, kisha protini nyingine, VHL, huitambua alama na kuipeleka HIF ikavunjwevunjwe. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. HIF husalimika, huingia katika kiini cha seli, na huko huziamsha jeni za kuita damu, za kuotesha mishipa mipya, na za kuvuta sukari kwa wingi. Waliofumbua fumbo hili ni Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe, tabibu wa mafigo wa Oxford, nao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Ama VHL, imepewa jina la Eugen von Hippel, tabibu wa macho wa Ujerumani, na Arvid Lindau wa Sweden, walioeleza mwanzoni mwa karne ya ishirini maradhi ya kurithi yanayozalisha uvimbe katika macho, ubongo na mafigo. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993.

Katika aina ya saratani ya figo iliyo kubwa kuliko zote, ambayo ni kama robo tatu ya saratani zote za kiungo hicho kwa watu wazima, aghalabu jeni hiyo ya VHL ndiyo iliyoharibika. Matokeo yake ni ya ajabu. Mafigo mawili kwa pamoja hupokea takribani sehemu moja katika tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini seli iliyopoteza VHL haina wa kuivunja HIF, basi HIF hurundikana na kutoa amri zake usiku na mchana kana kwamba hewa imekatika. Watu wa Goma wanayajua mazuku, ile gesi nzito ya kaboni inayojikusanya katika mabonde ya upande wa magharibi wa mji na kuua mifugo, hata watu, alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Basi seli hii imekaa katika hewa safi ilhali inaishi na kutenda kama iliyotumbukia katika mazuku.

Hapo ndipo ulaji wake unapogeuka, na tabia yake pamoja nao. Seli timamu ya mirija ya figo, ambayo kwa siku moja hushiriki kurejesha mwilini karibu maji yote ya zile lita 180 zinazochujwa, ina kazi nzito, na nguvu zake huzipata hasa kwa kuyachoma mafuta kwa oksijeni ndani ya mitokondria. Seli ya saratani huacha desturi hiyo. Huvuta glukosi kwa pupa, huivunja nusu ya njia tu, na kuitoa nje kama asidi ya laktiki, ingawa oksijeni ipo tele. Hilo ndilo jambo ambalo Otto Warburg wa Ujerumani aliligundua katika saratani nyingine tangu miaka ya 1920. Warburg aliamini kuwa mitokondria zimeharibika na kwamba kuharibika kwao ndiyo asili ya saratani. Katika maradhi haya sivyo: ni HIF iliyoziziba njia ya kuingizia mabaki ya glukosi, zikanyamazishwa kwa amri. Na seli hupata faida, kwani kaboni isiyochomwa hadi mwisho huwa ni mali ya kujengea utando na jeni za seli mpya, wakati ile asidi inayomwagwa nje huwadhoofisha askari wa kinga wanaokuja kupigana nayo.

Mafuta nayo, yakiwa hayachomwi tena, hujilimbikiza ndani ya seli matone kwa matone. Mpasuaji akilikata figo lililoondolewa huona uvimbe wa rangi ya manjano, na mtaalamu wa darubini, baada ya dawa za maandalizi kuyayeyusha mafuta yale, huona seli nyeupe zinazopenywa na nuru. Ndipo maradhi yakaitwa saratani ya seli angavu. Ni nadra katika utabibu kuuona umetaboli, yaani ulaji wa seli, kwa macho namna hii. Fauka ya hayo, baadhi ya wagonjwa huwa na damu nzito kupita kiasi, kwani uvimbe wao unamimina erithropoietini isiyohitajiwa na mtu.

Kuna ukoo wa pili wa maradhi haya, adimu lakini mkali mno, unaokwenda kinyume. Humo jeni iliyovunjika, iliyotambuliwa mwaka 2002, ni ya kimeng'enya cha mitokondria kinachoondoa fumarati. Fumarati hufurika, huwazuia wale watia alama, na HIF husalimika hata VHL ikiwa nzima. Huko, hewa ya uongo ilibadili ulaji. Hapa, ulaji ulioharibika umezaa uongo wa hewa.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni habari iliyotoka Dallas, Marekani, ambako wagonjwa waliridhia kutiwa mshipani, wakati wa upasuaji, glukosi yenye kaboni nzito isiyo na mnururisho, ili ijulikane inakwenda wapi. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba katika uvimbe uliomo figoni ni kidogo tu kilichoingia mitokondria. Mwaka 2024 wataalamu hao walionyesha kwamba katika uvimbe uliokwisha kusambaa mwilini kiasi kile huzidi, na kwamba kwa panya, ukiipa nguvu kazi ya mitokondria, saratani husambaa zaidi, na ukiizuia, hupungua. Yaani seli ile ile iliyouacha moto wa oksijeni nyumbani kwake huurudia inaposafiri. Hulka yake si moja. Hufuata mahali ilipo.

Kwa hiyo nauona kuwa ni hatari ushauri unaotolewa kwa wagonjwa, vitandani na majumbani, kwamba waache sukari, uji na ndizi ili saratani ife kwa njaa. Ini lenyewe huunda glukosi, na figo zima kadhalika, mgonjwa ale asile. Asipokula, misuli yake ndiyo huyeyushwa kuwa glukosi hiyo, naye hufika kwa mpasuaji akiwa amedhoofu. Yanayoongeza hatari ya kuipata saratani hii ni tumbaku, unene uliozidi na shinikizo la damu, na hayo ni mambo ya kushughulikiwa kabla maradhi hayajaingia.

Upasuaji ungali dawa iliyo bora kwa uvimbe usiotoka figoni, na ndiyo maana mkojo wenye damu usio na maumivu wastahili ekografi, wala si antibiotiki za kurudiwarudiwa. Kwa waliochelewa, kuna vidonge vya kuzuia mishipa mipya, na tangu 2021 kuna belzutifani, iliyoruhusiwa Marekani kwanza kwa wenye maradhi ya kurithi ya VHL, kisha mwaka 2023 kwa saratani ya figo iliyosonga mbele. Dawa hii humkamata mmojawapo wa ndugu wa jamii ya HIF, yule anayeiongoza saratani hii. Naye ndiye anayeamrisha erithropoietini, hivyo damu ya mgonjwa hupungua, na kwa baadhi yao oksijeni ya damu hushuka pia. Siku itakapofika Goma, tabibu atakayeiandika kwa mkaazi wa Murara hana budi kupima hemoglobini na oksijeni ya kidoleni kabla ya kidonge cha kwanza, na kuendelea kuzipima, akijua kwamba mgonjwa wake anaanzia juu ya mita 1,500, si pwani.