Waya Mfupi Unaounganisha Chaneli Mbili

Mpiga gitaa anayekutana kwa mara ya kwanza na amplifaya ya mtindo wa zamani hushangaa: gitaa lina waya mmoja, matundu manne ni ya nini?

Katika miaka ya 1950 amplifaya ilitengenezwa ikijulikana kwamba huenda watu wawili wakaitumia pamoja. Fender Deluxe ya miaka hiyo ilikuwa na chaneli ya maikrofoni na chaneli ya ala. Fender Bassman ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10, ilikuwa na chaneli ya kawaida na chaneli ya sauti kali, kila moja ikiwa na matundu mawili. Bassman ndiyo iliyochukuliwa kama kielelezo huko London na Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki mtaa wa Hanwell, pamoja na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven. Mwaka 1962 wakatoa JTM45, nayo ikarithi chaneli mbili na matundu yake manne.

Mimi napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi, na ninapokuta amplifaya ya ukoo huu ukumbini, chaneli zote mbili nazitumia kwa pamoja. Chaneli kali ikiwa peke yake, solo husikika mpaka mlangoni lakini nyuzi nyembamba huchoma masikio. Chaneli ya kawaida ikiwa peke yake, sauti ni nene na tamu, ila besi na ngoma zikianza huifunika. Solo la dansi linataka unene na ung'avu kwa pamoja, na waya mfupi wa gitaa unatosha kuvileta.

Chomeka gitaa kwenye tundu lenye nguvu zaidi la chaneli kali. Kisha chukua waya mfupi, utoe kwenye tundu la pili la chaneli hiyohiyo, uingize kwenye tundu lenye nguvu la chaneli ya kawaida. Inawezekana kwa sababu, nyuma ya bamba, matundu mawili ya chaneli moja yameunganishwa kwa rezista mbili za kiloomu 68. Umeme dhaifu wa gitaa ulioingia tundu la kwanza hupitia hapo na kutokea tundu la pili.

Kuanzia hapo gitaa moja linasafiri njia mbili. Kila chaneli ina nusu yake ya valvu ya kwanza na nobu yake ya kuongeza sauti. Baadaye njia hizo hukutana kupitia rezista za kuchanganyia, zikaendelea pamoja kwenye nobu za besi na trebo, hadi kwenye valvu kubwa na spika. Tofauti ya ladha inatokana na vitu vidogo. Kwenye nobu ya chaneli kali kuna kapasita inayopitisha sauti nyembamba hata nobu ikiwa chini. Ndiyo maana ukali husikika zaidi nobu ikiwa chini, na hupungua kadiri unavyoipandisha. Kwenye Marshall Super Lead za mwishoni mwa miaka ya 1960, chaneli kali ilipunguziwa pia sauti nzito tangu kwenye valvu ya kwanza.

Kwa hiyo mimi huanza na chaneli ya kawaida. Naipandisha mpaka noti za chini zipate uzito, halafu naileta chaneli kali polepole mpaka kila noti ijitenge na mwenzake. Lengo ni sauti iliyokamilika. Anayetafuta kelele hatapata nyongeza kubwa, maana chaneli zikikutana kila moja humpunguzia mwenzake nguvu kidogo.

Si kila amplifaya inakubali. Kwenye Fender Twin Reverb ya miaka ya 1960, chaneli yenye vibrato hupitia hatua moja zaidi ya valvu kuliko ile ya kawaida, na kila hatua hupindua wimbi la sauti. Matokeo yake, chaneli hizo zikiunganishwa ni kama watu wawili wanaosukuma mkokoteni mmoja kutoka pande mbili zinazotazamana: nguvu ipo, mwendo hakuna, na sauti inabaki nyembamba. Ukiunganisha ukasikia uzito umetoweka, chomoa waya. Amplifaya haijaharibika, imejengwa hivyo tu.

Tumia waya wa gitaa wenye kinga ndani, usitumie waya wa spika, la sivyo utakaribisha mngurumo. Hakikisha spika imeunganishwa kabla ya kuwasha, kwa kuwa amplifaya ya valvu isiyo na spika inaweza kuunguza transfoma yake. Wala usiifungue: ndani mna umeme unaoweza kuzidi volti 400, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kazi hiyo mwachie fundi.

Vijana wengi wakitaka sauti nzuri hukimbilia kununua pedali. Kama amplifaya unayopigia ina chaneli mbili za aina hii, nunua kwanza waya mfupi, kaa na nobu zako mbili mpaka uzijue, ndipo uamue kama bado kuna kitu unachokosa.