Kaburi la Simba Elsa

Toka Mariakani hata Malindi, ni desturi ya Wagiriama kumchongea kigango mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, ili asisahauliwe. Hiyo ni heshima ya mtu; lakini katika Kenya wako pia wanyama waliopewa makaburi ya heshima.

Elsa, simba jike, alilelewa na Bwana George Adamson na mkewe Joy tangu 1956. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe, adui ajulikanaye sana na wafugaji wa ng'ombe, akazikwa kando ya Mto Ura katika Meru.

Joy aliuawa 1980, na majivu yake yalinyunyizwa kaburini hapo. George aliuawa 1989, akazikwa Kora karibu na simba wake. Hivyo waliozika wanyama walirudi kulala pamoja nao.